Mwalimu wa Kidoti Chekundu

Vumbi la mbao la Keko halichagui pa kutua. Linaingia kwenye chai, kwenye mikunjo ya kanzu, kwenye nywele za watoto, na liliingia pia kwenye kompyuta za Mwalimu, tangu mafundi wa vitanda na makabati walipowasha mashine zao hadi walipozizima. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, Mwalimu alikuwa akifunua vitambaa vya kufuma, vile ambavyo watu wengine hutandika juu ya makochi, akaiinamia kila kompyuta na kuipuliza taratibu kwa mdomo, kama mtu anayepooza uji wa mgonjwa. Wapo waliomshauri anunue kifaa cha kupulizia. Alisema pumzi ya mtu inajua pa kuishia, kifaa hakijui.

Mimi ni mtoto wa Keko. Nasema hivyo bila haya, ingawa leo nyumba yangu iko Goba, juu ya kilima, ya ghorofa, na geti lake linafunguka lenyewe. Nilitoka Keko na begi moja kwenda Muskati kulea watoto wa watu, nikasoma kwa saa za kuibia, nikarudi na stashahada ya kompyuta na kontena la mashine za kuuza. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini nikisema hakuna aliyenifundisha nitakuwa mwongo, kwa sababu kabla ya Muskati nilikaa kwenye benchi la Mwalimu, nikajifunza kuandika bila kutazama vidole. Wenzangu wengi wa Muskati walifika pale hawajui hata kuwasha. Mimi nilifika najua kufungua.

Nikisema kufungua nina maana ya bisibisi. Somo la kwanza la Mwalimu halikuwa kuwasha kompyuta. Alikupa bisibisi, ukaigeuza mashine kifudifudi, ukatoa parafujo, ukanyanyua kibodi, ukaiona feni na vumbi lililojikunja humo kama pamba, ukalipuliza, ukarudisha kila kitu mahali pake. Asiyeweza kurudisha hakuwasha. Wazazi walilalamika. Mama mmoja muuza vitumbua alimjia juu mlangoni.

"Mwalimu, mie nimemleta mwanangu ajifunze kompyuta, wewe unamfundisha ufundi redio?"

"Mama, wewe unapikia karai usiyoisugua?"

"Karai yangu naisugua mwenyewe."

"Basi mwache na yeye asugue ya kwake."

Alikuwa na msemo wake, aliourudia mpaka ukatuchosha: mashine usiyoweza kuifungua si yako, umeazimwa tu.

Na mashine zote za darasa lake zilikuwa za aina moja. Laptopu nyeusi, nene, zenye pembe kali, na katikati ya kibodi kitu kidogo chekundu cha kusogezea mshale. Jina la kampuni hatukulitaja. Keko nzima tuliziita Kidoti. Mwalimu hakuwahi kumiliki aina nyingine, hakutaka kuikalia aina nyingine, na alipoingia kwenye ofisi ya watu akakuta mezani aina nyingine, macho yake yalihamia ukutani, akazungumza na kalenda.

Aina nyingine maana yake ilikuwa Tunda. Hizo zilikuwa nyembamba, za rangi ya fedha, na alama ya tunda mgongoni. Mwenye Tunda wa kwanza Keko alikuwa Mpigapicha, ambaye studio yake ilitazamana na darasa la Mwalimu, barabara ikiwa katikati. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kizibao cha mifuko mingi ambacho sikumbuki kumwona hajakivaa. Hao wawili walikuwa rika moja, waswalihina wa msikiti mmoja, na asubuhi walikunywa kahawa kwenye kijiwe kimoja. Tena walikuwa watani.

Utani wao haukutoka kwenye makabila. Walijitungia wenyewe, kutokana na mashine. Lakini mtaa ukaupokea kama utani kamili, ule unaompa mtu ruhusa ya kukutukana asubuhi na kukubebea jeneza jioni. Mpigapicha alimwita Mwalimu Chakavu, kwa kuwa Kidoti alizonunua zilikuwa zimeshatumika huko zilikotoka. Mwalimu alimwita Mpigapicha Maganda, kwa sababu alisema tunda lenyewe lililiwa na waliomuuzia. Watu walikuwa wakitoka nyumbani mapema ili wasiwakose.

"Chakavu, chuma kimeamkaje?"

"Kizima. Wewe tunda halijaoza kwa joto hili?"

"Langu halipati joto. Jana nimeisikia feni yako toka ng'ambo ya barabara, nikadhani fundi kawasha randa."

"Feni ni pumzi, Maganda. Kitu kisichopumua nyie kwenu mnakiitaje?"

"Maiti," alijibu muuza kahawa, akimimina.

"Bora maiti mzuri," alisema Mpigapicha, "kuliko mzima mwenye jipu jekundu katikati ya uso."

Kijiwe kilicheka, na Mwalimu alikunywa kahawa yake bila kucheka, kwa sababu sheria yake ilikuwa kwamba mtani akikupata vizuri usicheke, meza.

Mtaa uligawanyika nyuma yao. Mafundi seremala walikuwa upande wa Kidoti, maana watoto wao walisoma kwa Mwalimu na mashine zile zilivumilia vumbi. Vijana wa studio za muziki na washereheshaji wa harusi walikuwa upande wa Tunda. Kinyozi alibandika kidoti cha karatasi nyekundu kwenye kioo chake, na mtu wa Tunda akienda kunyolewa alilazimika kukitazama mpaka amalize. Harusi ya binti wa Mwalimu ilipofika, Mpigapicha alisimama mbele ya gari la bibi harusi na kizibao chake, akasema halipiti mpaka baba mtu atamke mbele ya umma kwamba Tunda nayo ni mashine.

"Ni mashine," Mwalimu alisema. "Ya kusagia mahindi."

"Hujapita."

Ikabidi mke wa Mwalimu ashuke, acheke, aseme yeye badala ya mumewe. Ndipo gari likapita. Mke yule alikuwa hana timu. Alikuwa mwanamke mtulivu, mpenda mitandio ya zambarau, na aliwaita wote wawili watoto.

Kuna hoja moja ambayo Mpigapicha aliishika miaka yote, nayo haikuwa ya mzaha mtupu. Ilikuwa rangi. Alisema mashine ya Mwalimu haijui rangi. "Siku moja njoo ukae kwangu, Chakavu, nikuonyeshe zambarau ni nini." Mwalimu alijibu kwamba yeye hapiki rangi, anafundisha watu. Hakwenda. Barabara ile ilikuwa nyembamba, ukitema mbegu ya chungwa inavuka, lakini sikumbuki kumwona Mwalimu ameketi ndani ya studio ile.

Ajabu ni kwamba darasani hakuwa hivyo. Katika mtihani wake kulikuwa na swali la kueleza uzuri na upungufu wa kila aina ya mashine, na aliyeisifu Kidoti tu alipata alama ndogo. Mwenzangu mmoja alijaza ukurasa mzima wa kuitukana Tunda akitarajia zawadi. Mwalimu alimrudishia karatasi ina mstari mwekundu juu hadi chini. "Hapa sikukuuliza unampenda nani," alimwambia. Darasani alikuwa hakimu, barazani alikuwa shabiki, na hakuona tatizo kuwa vyote viwili.

Ajabu nyingine alinieleza mwenyewe baadaye. Simu yake ilikuwa Tunda. Binti yake alimpa zawadi baada ya kuolewa, na Mwalimu, asiyeweza kukataa zawadi ya mwanawe, aliivika ganda jeusi nene lililofunika mgongo wote. Siku moja kwa kinyozi simu ilidondoka, ganda likachomoka, na alama ikaonekana. Aliyeiona ni Mpigapicha peke yake. Aliiokota, akairudisha kwenye ganda lake, akampa, akaendelea na habari za mpira. Nilipokuja kumuuliza miaka kadhaa baadaye kwa nini aliiacha nafasi kama ile, alishangaa. "Mie mtani wake, siyo adui. Pale ningemvua nguo mbele za watu."

Niliporudi kutoka Muskati nilimwalika Mwalimu Goba akalione duka langu. Nilitaka alione, sifichi. Rafu za vioo, kiyoyozi, mashine zimepangwa upande huu Kidoti, upande ule Tunda, na aina nyingine katikati. Stashahada yangu imetundikwa ukutani kwenye fremu ya mninga niliyoitengenezesha Keko. Alipita taratibu, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. Mbele ya stashahada alisimama, akaisoma yote, hadi sahihi.

"Shikamoo tena, Mwalimu," nilimwambia, maana nilitaka aseme neno.

"Marahaba, mwanangu. Umefanya kazi." Akageukia rafu. "Mteja akikuuliza ipi nzuri, unamjibuje?"

"Namuuliza anataka kufanyia nini."

"Hilo jibu la darasani, nimekufundisha mimi. Nakuuliza wewe. Yako ipi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba natumia zote, kwamba kwangu ni bidhaa, na kwamba ndiyo siri ya kufika nilipofika. Alitikisa kichwa kwa huruma ambayo sikuitegemea.

"Basi huna mtani," alisema. "Maskini."

Niliona ni neno la mzee. Nina wateja kutoka Bunju hadi Kigamboni, nitakosaje mtani. Lakini neno lenyewe sikulisahau, na nilikuja kulielewa kwa jambo lililompata yeye.

Mkewe aliugua, akafa. Idi yake ya mwisho alikuwa amemwomba Mpigapicha ampige picha, akiwa amekaa kwenye kiti cha baraza na mtandio wake wa zambarau, na Mpigapicha akampiga nyingi. Baada ya arobaini Mpigapicha alivuka barabara na diski ya nje, vile visanduku vidogo vya kuhifadhia mafaili unavyochomeka kwa waya. Mashine yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo kazi zake zote alikuwa amezihamishia humo. Harusi za Keko, maulidi, watoto waliokuwa wachanga na sasa wanaota ndevu. Na huyo mama.

"Yumo humu," alimwambia Mwalimu. "Lakini usiichomeke kwako, haitasomeka. Njoo kwangu tukae, umwone mkeo kwa rangi yake."

Hayo Mwalimu alinieleza mwenyewe, na alieleza bila kujitetea. Alisema aliyasikia maneno yale kwa sikio lililozoea. Miaka yote Mpigapicha alikuwa akimwambia kwako haisomeki, kwako hakuna rangi, njoo kwangu. Safari hii mtu alikuwa anamwonya, naye akasikia anataniwa. Tena akaona ni utani mzuri, kwamba mwenzake anajaribu kumtoa kwenye msiba kwa kumrudisha kwenye mchezo wao, akashukuru moyoni. Akaipeleka diski darasani, akafunua kitambaa, akapuliza, akaichomeka kwenye Kidoti yake.

Mashine ikamwandikia kwamba diski hiyo haiwezi kutumika mpaka iandaliwe, je, iiandae? Wanaoifahamu kazi hii wanajua: diski iliyopangwa na Tunda, Kidoti haiitambui, inaiona kama diski tupu. Mwalimu hakukosa elimu ya kulijua hilo. Alikuwa na imani. Mashine yake haikuwahi kumdanganya, na ilikuwa inamwambia kwamba Maganda, kama kawaida yake, kaleta kitu ambacho hakijakamilika. Akabonyeza ndiyo. Diski ikafunguka, safi, haina kitu.

Waliokuwa kijiweni walimwona akivuka barabara ameibeba juu ya viganja viwili. Mpigapicha aliipokea, akaichomeka kwake, akatazama muda mrefu, akafunika mashine.

"Bahati mbaya, Mwalimu," alisema. "Ni mitambo."

Alimwita Mwalimu, si Chakavu. Kijiwe kizima kilisikia, na muuza kahawa aliniambia kwamba yeye alijua saa ileile kuwa kuna kitu kimekatika.

Ningependa kuandika kwamba waligombana. Ugomvi una mwisho wake, wazee wanaitwa, watu wanakalishwa, mmoja anapewa mkono. Lakini Mpigapicha hakugomba. Kesho yake alifika kijiweni, akasema, "Asalaam aleikum, Mwalimu. Umeamkaje?" na Mwalimu akajibu, "Waaleikum salaam, alhamdulillah," wakanywa kahawa. Kesho kutwa vilevile. Kila siku salamu nzuri, kamili, kama za watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Hakuna Chakavu, hakuna Maganda. Watu waliokuwa wakiwahi kijiweni wakaacha kuwahi. Kinyozi alikibandua kidoti chake kwenye kioo siku moja, na hakuna aliyemuuliza.

"Amekusamehe, Mwalimu," nilimwambia.

"Ndiyo shida yenyewe," alijibu. "Mtani hasamehei, mtani anatukana. Akishaanza kukusamehe amekuhamishia kwa watu wengine."

Kitu alichokitaka Mwalimu tangu siku ile kilikuwa kimoja, na kila aliyekaa naye alikijua: atukanwe tena. Alijaribu kumchokoza. Aliwahi kupita mbele ya studio ameshika Kidoti yake na kusema kwa sauti kwamba chuma kinapita, maganda yasogee. Mpigapicha alitoka mlangoni, akatabasamu kwa adabu, akasema karibu, Mwalimu. Karibu ya mlangoni, isiyoendelea.

Mimi ndiye niliyeletewa diski. Mwalimu aliomba ruhusa kwa Mpigapicha, akapanda nayo hadi Goba, akaiweka juu ya kioo cha kaunta yangu. Nitajisifu hapa kwa sababu inastahili. Fundi mwingine angemrudisha. Diski ilikuwa imeshafutwa, na kabla hajagundua kosa lake Kidoti yake ilikuwa imeshaanza yenyewe kunakili humo mafaili ya darasa. Nilikaa nayo siku nyingi, nikakwangua kilichobaki, na nikapata picha. Si zote, na nyingi ya nilizozipata zilikuwa nusu. Ndivyo zinavyotoka picha za namna hiyo: juu ni nzima, halafu ghafla kinaanza kijivu kitupu mpaka chini. Ya mama yule nilipata moja. Uso mzima, mtandio mzima, na kuanzia mabegani hakuna mtu.

Nilimfungulia kwenye Kidoti, kwa heshima yake. Aliitazama, akasogea, akarudi nyuma.

"Mtandio huu ni wa kahawia?"

"Skrini hii ni ya zamani kidogo, Mwalimu. Pale kwenye rafu kuna Tunda, nikuwekee uone rangi vizuri."

"Hapana," alisema. "Nilialikwa mahali pa kuionea."

Alipeleka nakala za picha zote nilizookoa kwa Mpigapicha mwenyewe, mkononi. Nadhani alitarajia mlango ufunguke, kiti kivutwe, aambiwe kaa hapo, Chakavu, uone. Mpigapicha alipokea kwa mikono miwili. Alisema ahsante sana, Mwalimu, Mungu akulipe. Na mimi pia alinitumia salamu za shukrani.

Baadaye mwenye nyumba alitaka chumba cha darasa kiwe cha kuonyeshea makochi, na Mwalimu akahamia kwa binti yake Gongo la Mboto na vitambaa vyake na Kidoti moja. Ndiko zilikomfikia habari kwamba Mpigapicha anaumwa. Nilimpigia nimpitie twende kumwona. Alisema ataenda. Nikampigia tena. Alisema ataenda, lakini anaogopa kukaribishwa vizuri. Alikuwa bado anaogopa tulipopata habari ya pili.

Msibani nilikaa ndani na wanawake, karibu na mjane wa Mpigapicha, ambaye alikuwa ameshafunikwa shuka jeupe la eda. Aliponitambua alinishika mkono.

"Wewe ndiye uliyeokoa zile picha," alisema. "Alikuwa akizitazama. Nilikuwa namwambia, muite mwenzako mzitazame wote. Ananiambia, nikimwita nitamtania, na nikimtania atadhani namsimanga kwa ile diski. Akasema bora nimheshimu kwanza mpaka kidonda kipoe. Sasa kuheshimu kwenyewe kukamshinda kuacha."

Niliuacha mkono wangu ndani ya wake.

Nje walikuwa wanajiandaa kunyanyua jeneza. Ndipo tukasikia minong'ono, kisha sauti ambayo naijua kuliko sauti nyingi, sauti ya darasani, imepandishwa hadi mwisho.

"Huyu haendi popote."

Tulisogea dirishani. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya njia mbele ya jeneza. Juu ya shati lake jeupe alikuwa amevaa kizibao cha mifuko mingi, kile chenyewe, amekitoa kwenye msumari wa studio. Kilimpwaya. Kidoti yake ilikuwa kwapani.

"Mwalimu," alisema sheikh kwa upole, "maiti hacheleweshwi."

"Sikucheleweshi, sheikh. Nina dai dogo na huyu bwana. Ameondoka na matusi yangu." Akaligeukia jeneza. "Maganda. Umenisalimia kama hakimu mpaka watu wakadhani mie mkwe wako. Nimekukosea, ukaninyima hata tusi moja. Wewe ni mtu mbaya sana. Na mashine yako ni mbaya, na kizibao chako kinanuka kitunguu."

Kisha pale ndani, chini ya shuka jeupe, mjane alicheka. Kicheko kilichochanganyika na kilio, lakini kicheko.

"Chakavu amekuja," alisema.

Neno hilo halikuwa limetamkwa Keko kwa miaka. Likatoka dirishani, likapokelewa na mafundi seremala, na kicheko kikaenda mtu kwa mtu hadi barabarani, na watu wazima wakawa wanajifuta machozi kwa mikono yenye vumbi la mbao.

"Siondoki bila haki ya mtani," Mwalimu alisema. "Nataka lile ganda lake."

"Mpeni," mjane alisema. "Mpeni mashine yake, mwacheni apite."

Akapewa. Akamkabidhi kinyozi mashine zote mbili, nyeusi na ya fedha, azishike, akaenda akashika mbele ya jeneza kwa bega la kulia, na kizibao kile hakukivua hadi makaburini.

Nilimtembelea Gongo la Mboto wakati wa mvua za mwisho, gari langu likaingia tope hadi nusu ya tairi na watoto wa mtaa wakanisukuma. Nilimkuta barazani. Amekonda, na shikamoo yangu ilibidi niirudie ndipo aisikie. Mezani kulikuwa na vitambaa viwili vya kufuma, na chini ya kila kimoja mashine.

"Unaitumia?" nilimuuliza, nikionyesha ile nyembamba.

"Sijaifunua."

"Tangu msiba?"

"Ningekaa nayo peke yangu, ningesema nini?"

Basi nikamweleza aliyoniambia mjane: kwamba mwenzake aliogopa utani ungesikika kama masimango, kwamba heshima ile ilikuwa ya kungoja kidonda kipoe. Sikupamba. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyosikiliza wanafunzi wakisoma kwa sauti. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alipangusapangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Kumbe na yeye alikuwa ananingoja," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ile picha bado unayo?"

Ninayo. Huwa natembea nayo kwenye flashi ya funguo zangu, na sijawahi kumweleza mtu sababu. Alifunua kitambaa cha ile ya fedha, akainua kifuniko, akainama akaipuliza kibodi taratibu, ingawa Gongo la Mboto hakuna vumbi la mbao. Kisha akaigeuza kifudifudi, akaitazama chini, parafujo zake ndogo ambazo bisibisi yake haikuziweza, akaguna, akairudisha. Nikachomeka flashi. Nikamsogezea kiti, akakaa mbele ya Tunda.

Picha ilipotokea sikuitazama, nilimtazama yeye. Lakini niliiona zambarau kwenye miwani yake, vipande viwili vidogo, zambarau yenyewe, ile ya dukani kabla ya kufuliwa. Alikaa nayo. Alinyoosha kidole karibu na skrini pale mtandio ulipoishia na kijivu kilipoanzia, hakugusa.

"Haya, Maganda," alisema mwishowe, kwa sauti ya kijiweni. "Rangi umenishinda. Lakini bisibisi yangu bado haiingii."

Kisha akakiinamisha kichwa upande kidogo, kama mtu aliyemwachia mwenzake zamu ya kujibu.